Gunia la mchanga uliokwisha kuoshwa: nilivyoiandika upya habari ya zebaki Migori

Makala yangu ya kwanza kuhusu dhahabu ya kaunti ya Migori ilikuwa na kosa ambalo nikilikumbuka bado naona haya. Niliandika kwamba matangi ya kiwanda kimoja cha kusafishia mchanga wa dhahabu yalikuwa yamejaa zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa dhahabu. Siku ya pili yake mwalimu mmoja wa kemia, mtu wa upande wa Rongo, alinipigia simu, akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza kama matangi yale niliyaona kwa karibu. Nilikuwa nimeyaona kutoka nje ya ua. "Dada," akasema, "humo mna sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Zebaki iko kule kijitoni, kwa akina mama wenye makarai. Ukivichanganya vitu hivyo, mwenye kiwanda atakucheka na hao akina mama hawatajua unamzungumzia nani." Gazeti lilichapa masahihisho ya mistari mitatu, nami nikaomba ruhusa ya kurudi.

Kutoka Kisumu nilipanda matatu kupitia Ahero, Oyugis na Kisii hadi mjini Migori, kisha nikachukua pikipiki. Uchimbaji si jambo geni katika sehemu hizo. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi mwaka 1966. Siku hizi wanaume hushuka kwa kamba kwenye mashimo membamba, na wanawake hubaki juu wakiponda mawe na kuyaosha.

Katika safari ya kwanza nilikuwa nimezunguka na daftari nikiuliza, "Je, mnatumia zebaki?" na kila mtu alinijibu kwamba haitumii. Safari hii sikuitaja kabisa. Nilimwomba mama mmoja aniruhusu nikae naye tangu jiwe linapopondwa hadi dhahabu inapouzwa. Alikubali kwa masharti mawili, kwamba sura yake isipigwe picha na kwamba nisikae bure. Nikapewa nyundo.

Mawe tuliyoyaponda yalipelekwa kwenye krasha, yakarudi yakiwa unga wa kijivu. Unga huo ulimwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia, ili chembe nzito zinase katika nyuzi na nyepesi ziende zake. Alichokikung'uta kutoka kwenye magunia alikitia katika karai, kisha akatoa chupa ndogo na kupima zebaki kwa kifuniko cha soda. Aliikoroga kwa mkono mtupu, kama mtu anayekanda unga. Aliniambia kwamba zebaki hupewa na mnunuzi yule yule atakayemuuzia dhahabu jioni, na deni hukatwa papo hapo, jambo ambalo lilinieleza kwa nini hakuna aliyekuwa tayari kuizungumzia na mgeni. Baadaye aliikamua kwa kitambaa, matone yakarudi kwenye chupa, na ndani ya kitambaa likabaki donge la rangi ya fedha, ambalo ukubwa wake sitautaja kwa sababu nitakayoieleza mbele. Donge hilo aliliweka juu ya kifuniko cha mkebe na kulichoma kwenye jiko la makaa.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,000, kwa hiyo zebaki huondoka ikiwa mvuke na kuiacha dhahabu peke yake. Mvuke huo hauna harufu wala rangi, nao ndio unaoingia mapafuni. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amesimama upande ambako upepo ulikuwa ukielekea. Tumefundishwa kwamba mwandishi haingilii anachokitazama, lakini mimi nilimshika mtoto mkono nikahamia naye upande wa pili.

Kama ningeondoka wakati huo, ningekuwa na makala ya kawaida ya akina mama na zebaki, ambayo wengi wameiandika kabla yangu. Nilibaki kwa sababu mvua ilianza kunyesha, nikamwona akizoa mchanga uliokwisha kuoshwa, hadi ule wa chini ya karai, na kuushindilia kwenye gunia. Nikamuuliza ni wa nini. "Huu ndio karo ya shule," akajibu. Zebaki hainasi dhahabu yote. Sehemu kubwa hubaki mchangani, na mchanga huo hununuliwa na wenye matangi ya sianidi, ambayo huweza kuitoa ile iliyosalia. Yale matangi niliyoyaandika vibaya yalikuwa ndiyo mwisho wa safari ya gunia lile.

Tatizo ni kwamba sianidi huyeyusha zebaki pia, na zebaki iliyoyeyushwa hivyo husafiri na maji kwa urahisi zaidi kuliko ile iliyotulia kwenye tope. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2023, unaitaja katika Kiambatisho C, miongoni mwa desturi nne za kukomeshwa, ile ya kutia sianidi kwenye mchanga wenye zebaki kabla zebaki haijaondolewa. Desturi nyingine mbili kati ya hizo nne, kuchoma donge mahali pa wazi na kulichoma kwenye makazi ya watu, nilikuwa nimeziona kabla ya chakula cha mchana.

Nilihitaji ushahidi. Nilikuwa nimebeba chupa za plastiki za kuchotea maji ya kijito, lakini fundi wa maabara mmoja wa Kisumu alinikataza nisipoteze pesa. Zebaki ni nzito kuliko maji kwa zaidi ya mara 13 na hung'ang'ania tope laini, hivyo maji yanaweza kuonekana safi kabisa, na mwenye kiwanda akanipungia cheti hicho hicho cha maabara. Alinielekeza nichote tope kwenye kona ambako maji hupunguza kasi, nianzie juu ya machimbo yote ili nipate cha kulinganishia, nitumie mitungi ya kioo iliyooshwa alivyotaka yeye, niiweke kwenye barafu, na kila atakayeipokea atie sahihi. Tope la juu lilikuwa na zebaki kidogo, na lile la chini ya machimbo lilikuwa na nyingi zaidi. Tulichapisha matokeo pamoja na onyo la fundi kwamba mitungi ilikuwa michache.

Kazi iliyonichosha zaidi ilikuwa ya karatasi. Kiwanda cha aina hiyo hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti yake si siri. Nilikwenda mara tatu katika ofisi moja ya serikali na kila mara faili lilikuwa "kwa bosi". Hatimaye niliitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nami niliandika kwa Kiswahili, kwa ukaidi kidogo, na pia kwa kuwa nilijua barua ya Kiswahili itazungushwa ofisini wakiicheka na haitapotea kimyakimya. Sikuomba "habari zote kuhusu kiwanda". Niliomba nakala ya ripoti ya tathmini na ya masharti ya leseni, basi. Nakala yangu niliigongesha muhuri wenye tarehe, kwa maana siku 21 za kujibiwa huhesabiwa tangu ombi linapopokelewa. Siku ya 19 niliitwa nikalipie fotokopi.

Niliisoma nikiwa nimesimama pale pale dirishani. Ripoti ilisema kiwanda kitasafisha mchanga usiotiwa zebaki.

Kwa siku mbili nilikaa kwenye kibanda cha chai mkabala na lango nikihesabu pikapu zilizoingia na magunia, kisha nikampelekea mwenye kiwanda maswali kwa maandishi na kumpa wiki nzima. Alijibu kwamba hununua kwa madalali na hawezi kujua kila gunia limetoka wapi. Tulilichapa jibu lake lote bila kulikata, kwa kuwa hakuna maneno yangu ambayo yangeeleza vizuri zaidi kwamba mchanga haupimwi langoni.

Kabla ya kuchapa, nilimsomea yule mama kwa simu sehemu zilizomhusu, binti yake akimfafanulia kwa Kijaluo pale Kiswahili changu kilipokuwa kizito. Kuhusu zebaki hakupinga neno. Aliomba nifute ukubwa wa donge tu, kwa sababu shemeji zake wangejua alipata kiasi gani siku hiyo. Nikaufuta.

Makala ilitoka Jumamosi. Kabla ya saa nne asubuhi yule mwalimu wa Rongo alikuwa amepiga simu: nilikuwa nimeandika kwamba zebaki huchemka kwenye nyuzi 375.