Kumbukumbu ya mradi: kituo cha media cha Raspberry Pi 4, awamu ya kusaka hitilafu

Vifaa vilivyopo: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) ya GB 4, LibreELEC (mfumo endeshi mwepesi) yenye Kodi 21 (programu ya kuchezea video), memori kadi ya GB 32, diski ya nje ya inchi 2.5 kwenye USB 3, na TV ya 4K. Dalili ni tatu: video za 4K zinakwama-kwama, diski inapotea katikati ya filamu, na mara chache mfumo unaganda hadi uchomolewe umeme. Dalili zote tatu zinaweza kuletwa na umeme mdogo, kwa hiyo kazi imeanzia hapo. Ukianza kuchezea mipangilio ya Kodi, utabadilisha mambo kumi bila kujua ni lipi lililosaidia.

Umeme

Washa SSH, njia ya kuandika amri kutoka kompyuta nyingine, kwenye mipangilio ya LibreELEC, ingia, kisha andika:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu safi ni 0x0. Hapa limetoka 0x50000, yaani volteji imewahi kushuka na kasi ya prosesa ikapunguzwa tangu mashine iwashwe. Ukiona 0x50005, jambo hilo linatokea wakati huo huo unaotazama. Alama ya 0x50000 haifutiki mpaka uwashe mashine upya, kwa hiyo cheza filamu ya saa nzima kwanza ndipo upime.

Kikomo ni takriban volti 4.63, na mara nyingi kinachokosesha si chaja bali waya. Piga hesabu: waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2, kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 2.5 unapoteza volti 0.5. Chaja ikitoa 5.1, ubaoni zinafika 4.6. Chaja rasmi ya Pi 4, ya volti 5.1 na ampea 3, ina waya usiochomoka, na hilo ni jambo jema: hakuna nafasi ya kuweka waya dhaifu. Baada ya kuweka chaja hiyo, jibu limekuwa 0x0 na mfumo haujaganda tena.

Joto limepimwa papo hapo kwa `vcgencmd measure_temp`. Prosesa huanza kupunguza kasi ikifika nyuzi 80. Kasha la alumini linalogusa chipu lenyewe linatosha, feni haihitajiki.

Diski

Diski bado ilipotea, ila mara chache. Matundu manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 tu kwa jumla, na diski inayozunguka huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Sasa imehamishiwa kwenye habu, kisanduku cha kuongeza matundu ya USB, yenye umeme wake.

Ikabaki hitilafu ya pili. Katika `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, kulikuwa na mistari yenye `uas_eh_abort_handler`. Maana yake chipu iliyo ndani ya kasha la diski haielewani na UAS, ile njia ya kasi ya kuzungumza na diski za USB. Dawa ni kuizima kwa diski hiyo peke yake. Pata namba zake kwa `lsusb`, kwa mfano 152d:0578, kisha:

`mount -o remount,rw /flash`
`nano /flash/cmdline.txt`

Mwishoni mwa mstari uliopo, acha nafasi moja na uongeze `usb-storage.quirks=152d:0578:u`, ukiweka namba za diski yako. Faili hili lazima libaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, yaliyoshuka chini hayasomwi, na mashine inaweza isiwake. Kasi ya diski hupungua kidogo, lakini kwa video bado imezidi mahitaji.

Picha

Umeme na diski vikishatulia, ndipo inafaa kuhukumu picha. Video ikiwa inacheza, bonyeza herufi O kwenye kibodi. Mbele ya jina la dikoda, sehemu inayofungua video iliyobanwa, utaona HW au SW. HW ni chipu maalumu inayofanya kazi. SW ni prosesa inayobeba mzigo wote. HEVC, H.264 na AV1 ni njia za kubana video. Chipu ya Pi 4 ina dikoda ya HEVC hadi 4K kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, na ya H.264 hadi 1080p kwa fremu 60. Faili za AV1, H.264 za biti 10, na H.264 za 4K huishia kwa prosesa, na hakuna mpangilio utakaoziokoa. Zibadilishe ziwe HEVC kwenye kompyuta yenye nguvu.

Filamu za HEVC zilikuwa HW na bado kamera ikizunguka picha iliruka. Filamu ni ya fremu 23.976 kwa sekunde na TV ilikuwa Hz 60, yaani inachora picha mara 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili. Katika mipangilio ya kichezaji, ruhusu Kodi ibadilishe Hz za TV filamu inapoanza na inapoisha. Menyu yenyewe iache 1080p. TV ikikaa kwenye 24 kamili badala ya 23.976, fremu moja itarudiwa kila baada ya sekunde 42 hivi. Mtazamaji makini huiona.

Video za 4K za fremu 60 zinahitaji `hdmi_enable_4kp60=1` ndani ya config.txt, faili la mipangilio ya Pi, na kebo iwe kwenye HDMI iliyo jirani na tundu la umeme. Kwa filamu za kawaida usiiweke, inaongeza joto bure.

Mtandao

Kwa faili zinazotoka kwenye seva, `cat /sys/class/net/eth0/speed` inapaswa kutoa 1000. Ikitoa 100, badilisha kebo kwanza: gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya, megabiti 100 inatumia mbili tu, kwa hiyo jozi moja ikikatika kasi hushuka bila onyo. Kwa Wi-Fi tumia GHz 5. USB 3 hutoa kelele ya mawimbi ya redio kwenye GHz 2.4, na diski ikiwa karibu na ubao utaiona kelele hiyo.

Kinachobaki: Pi ikiwaka kabla ya TV, skrini hubaki nyeusi. Jaribio linalofuata ni `getedid create`, TV ikiwa imewashwa, ili taarifa za TV zihifadhiwe kwenye kadi.