Ansbach, Alikozikwa Kaspar Hauser

Nilikwenda Nuremberg kwa nia ya kuifuata njia ya Kaspar Hauser, kijana ambaye kwa karibu miaka 200 amehusishwa na nasaba ya watawala wa Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Nilianzia Unschlittplatz, uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba za kale, ambapo tarehe 26 Mei 1828, Jumatatu ya Pentekoste, alionekana kijana wa miaka kama 16 akiyumba kwa miguu isiyozoea kutembea, na kila alipoulizwa akijibu kwamba anataka kuwa askari wa farasi kama baba yake. Mkononi alikuwa na barua kwa kapteni wa kikosi cha wapanda farasi. Alipopewa karatasi, aliandika jina lake.

Baadaye alisimulia kwamba alikulia katika chumba cha giza, chakula chake kikiwa mkate na maji, akichezea farasi wa mbao, wala hakuwahi kuuona uso wa mtu aliyemlisha. Simulizi hiyo ndiyo iliyoamsha fununu. Katika jumba la Baden, Mtawala Karl na mkewe Stéphanie de Beauharnais, aliyelelewa na Napoleon kama binti yake, walipata mtoto wa kiume tarehe 29 Septemba 1812, na mtoto huyo akatangazwa kufa tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo. Kwa kuwa Karl hakuacha mrithi wa kiume, utawala ulimfikia Leopold mwaka 1830, naye Leopold alikuwa mtoto wa babu yake Karl kwa mke wa pili, ambaye hakutoka katika ukoo wa kitawala. Watu wakaamini kwamba mtoto mahututi alilazwa katika kitanda cha mwana wa mtawala, na mwana mwenyewe akafichwa.

Kutoka Nuremberg hadi Ansbach ni safari fupi ya treni. Hauser alihamishiwa huko mwaka 1831, katika mji alikoishi Jaji Anselm von Feuerbach, ambaye mwaka 1832 alimwandikia waraka wa siri Malkia Karoline wa Bavaria, dada yake Karl, akieleza kwa nini aliiamini habari ya Baden. Jaji huyo alifariki mwezi Mei 1833, na wapo waliosema alilishwa sumu, jambo ambalo halikuthibitishwa.

Katika jumba la makumbusho la mji nilikaa muda mrefu mbele ya kabati la kioo lenye nguo alizovaa Hauser siku aliyochomwa kisu. Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye tundu la kisu. Ni nguo ya mtu mwembamba, na kuitazama kulinisikitisha kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma, kwa sababu katika mabishano ya mataji na urithi ni rahisi kusahau kwamba aliyeumizwa alikuwa kijana asiye na ndugu hata mmoja wa kumlilia.

Damu iliyokuwa kwenye nguo yake ya ndani ilipimwa mwaka 1996, na matokeo hayakulingana na ukoo wa Stéphanie. Vipimo vya nywele vilivyofuata vilileta majibu yenye utata, mabishano yakafufuka, hadi mwaka 2024 wanasayansi walipozichunguza upya nywele zake kwa mbinu za kisasa na kuonyesha kwamba urithi wake wa upande wa mama si ule wa Baden. Kwa maoni yangu, hoja ya mwana wa mtawala imekwisha.

Nilikwenda pia Hofgarten, bustani kubwa ya watawala wa zamani, ambako jiwe linaonyesha mahali alipojeruhiwa tarehe 14 Desemba 1833. Alifariki siku 3 baadaye. Kifuko kilichookotwa hapo kilikuwa na maandishi yaliyogeuzwa, ya kusomwa kwa kioo, na karatasi yake ilikunjwa kwa namna ambayo Hauser mwenyewe alizoea kukunja barua zake. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba alijijeruhi ili ahurumiwe, akapitiliza. Mfalme Ludwig I wa Bavaria aliahidi guldeni 10,000 kwa atakayemfichua muuaji, na hakuna aliyepatikana.

Mimi siwezi kumhukumu marehemu kwa mkunjo wa karatasi. Ninachokiona ni kwamba watafiti walizitazama kasri mno, wakaipa kisogo barua ya mwaka 1828. Mwandishi wake alijitaja kuwa kibarua maskini mwenye watoto 10, aliyeachiwa mtoto huyo Oktoba 1812. Barua ya pili, iliyodaiwa kuandikwa na mama mzazi, ilionekana kuwa ya mwandiko uleule. Aliyeziandika alimjua mtoto, alimfundisha kuandika jina, kisha akamfikisha karibu na lango la mji na kuondoka. Mtu huyo ndiye anayepaswa kutafutwa, na sidhani kama aliwahi kukanyaga kasri lolote.