Hadithi Niliyoiondoa Mtandaoni

Mwaka jana niliandika hadithi fupi kuhusu mama mmoja anayeuza dagaa, ambao huku kwetu tunawaita mukene, katika soko la Busia upande wa Uganda. Nilibadilisha jina lake, nikamhamishia Malaba, kisha nikaichapisha mtandaoni nikiamini kwamba nimemsitiri. Wiki mbili baadaye nilipopita sokoni aliacha kupima mukene, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, binti yangu amenisomea uliyoyaandika. Mkoba wa kijani ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, nani mwingine anao hapa?"

Mkoba wenyewe ulikuwa mapajani mwake. Majirani walikuwa wamekwisha kumuuliza kuhusu mumewe na deni alilomwachia, habari aliyonisimulia siku ya mvua tulipojibanza chini ya turubai lake. Siku ile alizungumza na mteja wake wa kila wiki, wala hakuzungumza na mwandishi.

Kisheria, hadithi ilikuwa yangu. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi asilia tangu inapoandikwa au kurekodiwa, bila sharti la kuisajili kwanza, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo lenyewe halilindwi: mtu mwingine akiandika habari za mwuza samaki mwenye deni, sina la kumdai, lakini akinakili aya zangu na kulifuta jina langu, ninaweza kumshtaki. Nimewahi kuudai utambuzi huo kwa ukali, pale ukurasa mmoja ulipochapisha shairi langu bila jina, na hadi leo naona nilikuwa na haki.

Ndiyo maana swali la mama yule liliniuma. Nilikasirika kwa kutoombwa ruhusa juu ya beti 12, ilhali mimi sikuomba ruhusa juu ya ndoa ya mtu. Kubadilisha jina, ambako waandishi wengi tunakutegemea, ni kinga dhaifu hata mbele ya hakimu, kwa kuwa katika kesi ya kashfa mtu huweza kudai hata kama hakutajwa, iwapo wanaomfahamu wangemtambua. Ibara ya 27 ya Katiba yetu nayo inalinda faragha ya kila mtu. Hata hivyo sidhani kwamba mama yule angekwenda mahakamani, na kutokwenda kwake hakukunipunguzia kosa.

Niliiondoa hadithi jioni ileile, ingawa picha za kurasa zake zilikuwa zimeshasambaa katika makundi ya WhatsApp, na huko sina uwezo wa kuzifuta.

Baada ya mwezi nilirudi kwake na rasimu mpya, nikamwomba radhi, nikamsomea neno kwa neno huku akihudumia wateja. Nilikuwa nimeufuta mkoba na kuyaacha mengine, kwa kuwa nilidhani mkoba ndio uliomfichua na kumwumiza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mkoba urudishe," alisema, "niliushona mwenyewe. Mume ndiye umtoe."

Sasa naiandika upya bila mume, na bado haijakaa sawa. Ikikamilika, nitamsomea kwanza.