Mkebe wa Misumari ya Msikiti

Juzi tumesoma khitma ya babu, mwaka mzima tangu atutoke, na leo nimerudi Unguja kwa boti nguo zikiwa bado zinanuka karafuu. Mwaka huu mikarafuu ya kwetu Mtambwe, Pemba, imezaa. Kila uwanja umeanikwa, na kila aliyenisalimia njiani alimtaja babu kwa kitu alichowahi kumtengenezea: huyu bawaba ya dirisha, yule mbuzi ya kukunia nazi iliyochomoka chuma, mwengine redio.

Lakini kilichompa jina ni kitanda chake cha karafuu. Asiyekulia Pemba huenda asijue vita vyetu na mvua. Karafuu ikishachumwa, ikachambuliwa usiku kutoka kwenye makonyo, lazima ipate jua siku tatu nne mfululizo mpaka ikivunjwa ilie. Ikirowa kabla ya hapo inapauka, na kituoni inakouzwa daraja linashuka, na bei inashuka nalo. Basi wingu likitanda nyumba nzima inakurupuka: mmoja anavuta jamvi, mmoja anazoa kwa mikono, watoto wanapigiwa kelele. Bibi aliteguka mguu katika mbio hizo.

Wiki ile ile babu akenda Wete, akarudi na magurudumu manne ya baiskeli mbovu. Akaunda fremu ya mbao, akaitandika majamvi, akaipachika magurudumu. Kisha akasimamisha mbao mbili ndefu kwa ubavu, kutoka uwanjani mpaka ndani ya banda. Matairi aliyavua makusudi, ili ule mfereji wa rimu upande juu ya ukingo wa ubao na gurudumu lisiache njia. Siku tatu alikipanga na kukipangua, akilala chini kifudifudi, jicho moja kalifumba, anatazama kama mbao zimenyooka. Alipomaliza, mtoto wa miaka minane aliweza kusukuma gunia zima la karafuu peke yake kabla tone la kwanza halijaanguka. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Mlio wa yale magurudumu ninao masikioni mpaka leo.

Majirani wakaomba nafasi, naye akawapa. Alitenga mafungu kwa fito ili karafuu ya huyu isiingie kwa mwenzake, na kila fungu alilipima kwa pishi mbele ya mwenyewe kabla halijapanda kitandani. Punje iliyoruka akaiokota akairudisha. Asipojua ni ya nani, aliitia kwenye kikombe cha bati kilichoning'inia mlangoni. Msimu ukiisha aliuza kile kikombe, na pesa yake akaitoa sadaka kwa niaba ya wenyewe. Nilimwambia, "Babu, punje moja tu?" Akanambia, "Bi mdogo, moja ndiyo inayosahauliwa."

Alikuwa askari. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana katika Jeshi la Wananchi. Yeye na wenzake walikuta daraja la Kyaka, la mto Kagera, limevunjwa. Katika vita vyote vile, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979, kitu alichopenda kukihadithia ni daraja la muda lililotandikwa mtoni: vipande vya chuma vinavyobebwa na watu, vikaunganishwa kwa pini, bila kuchomelewa hata pahala pamoja. Alikuwa akifumba kiganja kunionesha ukubwa wa pini, halafu akikifumbua polepole kama vile ile pini bado imo. Pini ya namna hiyo, akisema, inapitisha lori.

Mengine hakuyasema, nasi tulijua tusiulize. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alifungua redio, akasikiliza mpaka mwisho, akaizima, akakaa na tasbihi yake. Wenzake wamezikwa Kaboya, huko huko Kagera. Bibi anasema aliporudi watu walimjazania uwanjani, wakamuuliza ametuletea nini Uganda. Akawajibu, "Nimejileta mwenyewe."

Msikitini kwetu maji yalikuwa ya kisima, na mtu mmoja aliweza kumaliza ndoo kwa udhu. Kibuyu chirizi wengi wanakijua. Babu alining'iniza dumu, akalitoboa kwa msumari mmoja mwembamba, akafunga mshipi wa kuvulia kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga linainama, ukiondoa mguu linakaa sawa. Akajaribu kwa kibaba tena na tena mpaka akaridhika kwamba mtu anatawadha akamaliza bila kukizidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kinachokaribia kibaba, babu akawaambia vijana, na nyinyi mnamwaga bahari. Wazee wawili watatu walinuna mwanzoni. Baadaye wao ndio waliokuwa wakija kumgongea mshipi ukikatika.

Alipofariki mimi nilikuwa kazini Unguja. Nilifika ameshazikwa. Nilikwenda moja kwa moja bandani nikashika kile kitanda, na sikuweza kulia mpaka nilipokisukuma kikalia chenyewe.

Wiki hii, kabla ya khitma, mimi na bibi tulisafisha banda. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe miwili ya maziwa ya unga, yote ina misumari. Mmoja hauna alama. Wa pili umeandikwa kwa mkaa, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: ya msikiti. Bibi akakumbuka. Ni misumari iliyobaki walipoezeka upya paa la msikiti, miaka mingi nyuma. Aliiweka ingojee ukarabati mwengine. Bibi akaniambia kuna siku babu alipungukiwa msumari mmoja wa kumalizia mlango wetu wa jikoni, jua linakuchwa, na mkebe ule uko mbele yake. Mlango ulifungwa kwa kamba usiku ule mpaka asubuhi alipokwenda Wete.

Tukaimwaga kwenye mkeka. Mjomba akaihesabu: thelathini na mmoja. Mitatu ilikuwa imewahi kupinda, na alama za nyundo zilionekana pale alipoinyoosha. Mjomba akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo sala ya alasiri, akamkabidhi imamu mkononi. Imamu alikaa chini ukumbini, akaifungua, akaihesabu tena.