Msimu niliokuwa setilaiti

Msimu mmoja nilikuwa setilaiti. Nilipanda kama mpagazi wa kampuni moja ya utalii hapa Moshi, ila vikundi vilivyopita kaskazini ya Kilimanjaro vilikuwa havisikiki mjini. Mlima umekaa katikati, na redio koli haipenyi mwamba. Basi nikawekwa kwenye kigongo cha magharibi na hema, betri mbili na unga. Kaskazini walinisikia, Moshi nao wakanisikia, kazi yangu kurudia tu.

"Anasema mgeni anatapika."

"Muulize, anatembea mwenyewe?"

"Wanauliza, anatembea mwenyewe?"

Kutwa nzima, na baridi ile! Posho yake naidai hadi leo.

Juzi mwanangu kaniuliza wanaanga wanaongeaje na Houston, waongozaji wao kule Marekani, ilhali wanaizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Nikamwambia wana mtu wao kigongoni.

Kituo chao cha angani kiko juu kilomita 400 hivi tu, kwa hiyo antena ya ardhini inakiona dakika chache, kisha kinazama. Zamani Wamarekani walitawanya vituo vya redio duniani, kimoja Unguja kwetu. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, Unguja waliongea naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Hata kwa mtandao ule, chombo kilipatikana kama asilimia 15 tu ya kila mzunguko.

Dawa ikawa kupanda juu zaidi, karibu kilomita 36,000, ambako setilaiti inakwenda sawa na dunia inavyojizungusha. Inavitazama vyombo vilivyo chini yake, inapokea maneno yao na kuyashusha kwenye antena za White Sands, New Mexico, Marekani. Ya kwanza, TDRS-1, ilipelekwa angani na chombo cha wanaanga, Challenger, Aprili 1983. Roketi ya kuimalizia safari ikaharibika, ikaachwa njiani. Mafundi wakaisukuma kwa vijiroketi vya kunyooshea mwelekeo tu, wiki baada ya wiki, hadi ikafika. Hapo nilicheka peke yangu, maana hata mimi gari liliniacha njiani, nikamalizia kwa miguu na unga kichwani. Ya pili haikufika kabisa. Iliteketea na Challenger Januari 1986, pamoja na watu saba.

"Na betri ikiisha, baba?"

Wao wana jua. Yangu iliisha siku ya nne, saa nane mchana, nikiwa katikati ya kurudia habari za yule mgeni. Kwamba alishateremshwa salama nilikuja kuambiwa getini, na mpishi.