Hesabu fotoni kabla ya kuhesabu lita

Wanaotaka kukuza mmenyuko wa mwanga, yaani mmenyuko wa kemikali unaoendeshwa na mwanga, karibu wote huniuliza swali lile lile: chupa ya mililita 10 imekubali maabarani, sasa tukienda lita 50 tuweke taa ngapi? Mimi nawauliza unene. Mwanga ukiingia kwenye myeyusho wenu, unafika wapi?

Tuseme kichocheo chako kina mgawo wa ufyonzaji, yaani kipimo cha nguvu yake ya kumeza mwanga, wa 10,000 (kwa lita, moli na sentimita, vipimo vya kawaida), na umeweka milimoli 1 kwa lita. Kwa kanuni ya Beer na Lambert, inayoeleza mwanga unavyofifia ndani ya myeyusho, asilimia 90 ya mwanga inamezwa ndani ya milimita 1 ya kwanza. Ukifika milimita 2, asilimia 99 imekwisha. Kwa hiyo tangi lenye upana wa nusu mita linang'aa ukutani tu. Kwingine kote ni giza. Na kila unapolipanua mambo yanazidi kuharibika, maana ukizidisha vipimo vyake vyote mara 2, ujazo unapanda mara 8 na eneo la ukuta mara 4 tu. Kuongeza ukali wa taa hakusaidii sana: kamilimita kale kale ndiko kanakopigwa zaidi, na zao lililokwisha kutengenezwa linaanza kuvunjika.

Ndiyo maana naipenda mirija. Mwaka 2005 kundi la mkemia Booker-Milburn, Chuo Kikuu cha Bristol, pamoja na Berry, lilionyesha kwamba unaweza kuzungusha mrija mwembamba wa FEP, plastiki inayopitisha mwanga, kwenye taa ya zebaki, ukasukuma myeyusho kwa pampu. Vifaa vya kawaida kabisa. Kila tone linapita karibu na taa, linakaa muda wake, linatoka. Ukitaka zao zaidi unaiacha pampu iendelee kusukuma, au unaongeza mirija.

Lakini mrija haukuondolei hesabu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, na hapa nawaomba watu watulie na kalamu. Moli moja ya fotoni za nanomita 450 ina nishati ya kilojuli 266 hivi. Taa inayotoa wati 100 za mwanga wenyewe (sio za umeme, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto la kupoozwa) inakupa moli 1.35 za fotoni kwa saa. Ikiwa mavuno ya kwanta ni 0.1, yaani fotoni 10 zinamezwa ili itoke molekuli 1, na zao lako lina uzito wa gramu 300 kwa moli, basi kikomo chako ni gramu 40 kwa saa. Hiyo ni chini kidogo ya kilo moja kwa siku, hata kama riakta yako (chombo cha mmenyuko) haipotezi fotoni hata moja. Hakuna umbo la kioo litakalokuvusha hapo. Afadhali ujue hivyo kabla ya kuagiza vyuma.

Na fotoni zinazoingia zipimwe, zisikisiwe kwa maandishi yaliyobandikwa kwenye taa. Mimi natumia ferioksalati ya potasiamu, njia waliyoisanifu Hatchard na Parker mwaka 1956: mwanga unageuza chuma cha III kuwa cha II, unatia kemikali ya fenanthrolini inayoshika chuma cha II, rangi nyekundu ya machungwa inatokea, unaipima. Ni kazi ya subira, inafanyika kwenye mwanga hafifu mwekundu, na sijaona kipimo kingine kinachoeleza ukweli wa riakta kwa uwazi kama hicho.

Tatizo linalonisumbua zaidi ni utando. Pasua mrija uliofanya kazi muda mrefu: upande ulioelekea taa umekuwa wa kahawia, upande wa pili bado mweupe. Uchafu unajijenga pale pale mwanga unapoingilia, kisha unauzuia. Kwenye mirija mingi sambamba ni hatari zaidi. Mmoja ukianza kuziba, myeyusho unapita humo polepole, unakaa kwenye mwanga kupita kiasi, unachafuka, unaziba zaidi, na wenzake wanabeba mzigo wake bila wewe kujua. Kipima mtiririko kwa kila mrija ni gharama, lakini mimi siachi kukidai.

Viwanda vimeweza. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kutengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni, kwa mwanga miaka ya 1960. Mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi walianza huko Garessio, Italia, kutengeneza kwa wingi artemisinini ya dawa za malaria, na hatua moja ya njia yao ilitegemea mwanga na oksijeni. Dawa ya malaria kutoka kwenye taa! Hilo linanipa moyo kila ninapolikumbuka.

Siku hizi nashughulika na jambo ambalo wasanifu wengi hulipita: kubadilisha kemia ili ilingane na umbo. Punguza kichocheo mara 10, na asilimia 90 ile ile ya mwanga inamezwa ndani ya sentimita 1 badala ya milimita 1. Au sogeza taa kwenye wimbi ambalo kichocheo kinalifyonza kwa udhaifu. Mwanga unazama zaidi, kazi inasambaa ndani ya kimiminika badala ya kurundikana ukutani, na utando nao unapungua. Mrija unaweza kuwa mpana, pampu ikatumia nguvu ndogo, na idadi ya mirija ya kulinganisha ikashuka.