Chati ya AVEC yetu inasomwa kwa kidole

Nilitaka Mama Furaha, asiyeona, naye asome chati ya akiba na mikopo ya AVEC, kikundi chetu cha kuweka feza na kukopeshana. Waliponiambia «chapisha kubwa, weka rangi nyingi, simu itamusomea», nilifuata. Kijana aliyenishauri anajiita mtaalamu wa michoro. Mama Furaha, ambaye haoni tangu utoto na ana akiba kuliko sisi wote, akafungua ile chati kwenye simu yake. Simu ikasema neno moja tu: «Picha.» Programu ya kusoma skrini inasoma maandishi. Kama hukuandika maelezo ndani ya faili ya picha, mara nyingi haina cha kusema.

Nikachukua karatasi ya manila, kole (gundi), na nyuzi mbili za sufu: mmoja mwembamba wa akiba, mmoja mnene wa mikopo. Ilipendeza! Lakini nyuzi zilipokutana mwezi wa ine, kidole cha Mama kiliingia na akiba, kikatokea na mikopo. «Mwanangu, feza yangu imegeuka deni hapa katikati?» Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika.

Basi nikaacha mistari, nikaweka nguzo. Ya akiba ni kartoni laini. Ya mikopo nimeipaka kole na kuimwagia mchanga wa volkano, ambao hapa Goma hakuna anayeuuza, unauokota mlangoni. Uchunge kwanza, mchanga mnene unakwaruza. Chujio la chai linafaa, ila usiulize mke wangu. Mistari ya miraba nyuma ya nguzo ondoa yote, kidole kinaidhani ni habari.

Namba za Braille, yaani maandishi ya nukta za kugusa, nilizitoboa kwa musumari butu, karatasi imelala juu ya kambambili (ndala) ya zamani. Unatoboa upande wa nyuma, kutoka kuume kwenda kushoto, kila herufi imegeuzwa, ndipo ukipindua inasomeka sawa. Tarakimu ni herufi a mpaka j zenye alama ya namba mbele. Maelezo ya alama nimeyaweka juu kushoto, maana mkono unaanzia pale.

Papa mmoja wetu hatofautishi nyekundu na kijani. Yeye nilimuchorea nguzo zenye mistari ya mshazari ndani, jina limeandikwa juu ya kila moja. Vyote havikufika bei ya kuku.

Siku ya kikao Mama Furaha alipitisha vidole polepole, akarudi nyuma, akasimama. «Mwezi wa kenda mikopo iko juu, sawa, watoto wameanza masomo. Na huu wa tatu? Nani alikopa hivi, na nani alitia sahihi?»

Sekretere akaanza kukohoa.